Neno Moja, Matendo Mawili: Uhakiki wa Lugha ya Git kwa Jicho la Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Zana za udhibiti wa matoleo ni sehemu ya kazi ya kila siku ya mwandishi wa programu, na ni miongoni mwa zana zinazolalamikiwa sana. Makala haya yanaihakiki Git, iliyoenea kuliko nyingine za aina yake, kama mfumo wa lugha. Yanadai kwamba sehemu kubwa ya karaha inayotokana nayo huanzia katika istilahi: neno moja kubeba matendo kadhaa, kitu kimoja kuitwa majina matatu, na vimilikishi kubadili rejeleo bila taarifa. Kuzitafsiri amri zake neno kwa neno kungeziingiza dosari hizo katika Kiswahili. Makala yanapendekeza kuanza na dhana na jumbe badala ya amri, yanachunguza msamiati wa masjala kama chanzo kimojawapo, na yanalipima pendekezo hilo kwa mazingira ya Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017 lakini si lugha ya kwanza ya walio wengi.

Utangulizi

Sekta ya Kanombe, katika Wilaya ya Kicukiro, ndiko uliko Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Kigali. Watu wanaofanya kazi katika mnara wa kuongozea ndege wanatumia lugha iliyofungwa kwa kanuni kali. Kanuni hizo zina historia ya majonzi. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa ziligongana katika kiwanja cha Tenerife, na watu 583 wakafa. Miongoni mwa sababu zilizobainishwa ni utata wa maneno yaliyobadilishwa kati ya rubani na mnara. Baadaye ilikubaliwa kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya kuruka litamkwe pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Katika mazungumzo mengine yote hutumika neno la kuondoka. Tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linawataka marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wathibitishe kiwango chao cha lugha. Kanuni ni nyepesi kuisema: neno moja lisibebe matendo mawili pale ambapo kukosea kuna gharama.

Si mbali na uwanja huo, katika eneo la Masoro, zipo kampasi na ofisi za teknolojia, ikiwamo kampasi ya Carnegie Mellon University Africa iliyofunguliwa mwaka 2019. Vijana wanaosoma na kufanya kazi huko, pamoja na wengine wengi walioenea katika vilima vya Kanombe, Kicukiro na Remera, hutumia kila siku zana ambayo haikuwahi kuwekewa kanuni ya mnara. Hakuna anayekufa kwa sababu ya Git. Kinachopotea ni kazi ya siku mbili, imani ya mwanafunzi katika uwezo wake, na pengine moyo wa kuendelea na fani. Hasara hizo huwekwa katika hesabu ya ugumu wa kompyuta au ya uzembe wa mtumiaji. Ni nadra kuwekwa katika hesabu ya lugha.

Asili ya karaha

Kwa msomaji asiye wa fani: udhibiti wa matoleo ni utaratibu wa kutunza kila hatua ya mabadiliko ya faili, ili ijulikane nani alibadili nini, lini, na kwa sababu gani, na ili watu wengi waweze kuifanyia kazi programu moja bila kufutiana. Zana za namna hiyo zipo tangu 1972, Marc Rochkind alipoandika ya kwanza iliyojulikana sana katika maabara za Bell. Zikafuata RCS, CVS na Subversion. Git iliandikwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, baada ya waliokuwa wakiandika kiini cha Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure zana ya kibiashara iitwayo BitKeeper. Iliandikwa kwa haraka, na mtu aliyeifahamu vizuri, kwa ajili ya watu waliofanana naye. Asili hiyo inaeleza mengi kuhusu lugha yake.

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni amri ya "checkout". Kwa miaka kumi na minne amri hiyo ilifanya kazi mbili zisizohusiana kwa mtumiaji. Ikifuatwa na jina la tawi, humhamisha mtumiaji kwenda tawi hilo, na hufanya hivyo kwa tahadhari: ikiona mabadiliko ambayo hayajatunzwa yatafutika, hukataa. Ikifuatwa na jina la faili, huirudisha faili hiyo katika hali yake ya zamani na kuyafuta mabadiliko yote ambayo hayajatunzwa, bila kuuliza wala kuonya. Neno lile lile ni mlinzi katika maana ya kwanza na ni mwangamizi katika ya pili. Mwanafunzi aliyejifunza asubuhi kwamba amri hiyo ni salama ana kila sababu ya kuiamini jioni.

Mwezi Agosti 2019, katika toleo la 2.23, waandishi wa Git waliyatenga matendo hayo kwa kuongeza amri mbili mpya: "switch" kwa kuhama tawi na "restore" kwa kurudisha faili. Ya zamani haikuondolewa. Kwa mtaalamu wa istilahi, tukio hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ni ushahidi kwamba malalamiko ya watumiaji hayakuwa uvivu wa kusoma mwongozo. Wenyewe wenye zana walikiri kwa vitendo kwamba neno lilikuwa limebebeshwa mzigo usiolingana nalo.

Upo pia upande wa pili wa dosari hiyo, yaani kitu kimoja kupewa majina mengi. Kati ya faili zinazofanyiwa kazi na hatua iliyotunzwa, Git ina eneo la kati ambamo mabadiliko huandaliwa kabla ya kutunzwa. Eneo hilo lina majina matatu ya Kiingereza: moja lina maana ya faharasa, jingine la akiba ya muda, na jingine la jukwaa la maandalizi. Yote matatu yamo katika mwongozo na katika vibainishi vya amri, na vibainishi viwili kati ya hivyo hutoa matokeo yale yale katika amri ya kulinganisha matoleo. Mwalimu wa isimu angeiita hali hii sinonimia isiyo na kazi. Mwanafunzi huiona kama vitu vitatu tofauti, na hupoteza muda akitafuta tofauti ambayo haipo.

Santiago Perez De Rosso na Daniel Jackson wa MIT walilichunguza tatizo hili mwaka 2013, na tena mwaka 2016, kwa mkabala wa usanifu wa dhana. Hoja yao ni kwamba matatizo ya Git hayaishii kwenye sura yake ya nje. Dhana zenyewe zimeingiliana, na baadhi hazina lengo lililo wazi. Walitengeneza zana mbadala, Gitless, iliyojengwa juu ya Git yenyewe ikiwa na dhana chache zaidi. Mkabala wao unafanana sana na ule wa Eugen Wüster, ambaye tangu miaka ya 1930 alisisitiza kwamba kazi ya istilahi huanza na dhana, ndipo neno litafutwe. Wanaistilahi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kanuni ya Wüster kwa nadharia. Kwa vitendo, vikao vingi vya istilahi za kompyuta vimeanza na orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia. Orodha ya namna hiyo inachukulia kwamba aliyeandika upande wa kushoto alikuwa amefikiri sawasawa.

Yetu na yao

Watu wawili wanapobadili mstari mmoja wa faili moja kwa namna tofauti, Git husimama na kumtaka mtumiaji achague. Pande mbili za mgongano huo huitwa kwa vimilikishi vya Kiingereza: "ours" na "theirs", yaani yetu na yao. Katika kuunganisha matawi kwa kawaida, yetu ni yale yaliyomo katika tawi alilosimama mtumiaji, na yao ni yanayotoka katika tawi jingine. Hapo hakuna utata. Lakini ipo njia nyingine ya kuunganisha, kwa amri iitwayo "rebase", ambayo huzichukua hatua za kazi ya mtumiaji na kuzipanga upya, moja baada ya nyingine, juu ya kazi ya wenzake. Katika njia hiyo vimilikishi hugeuka. Yetu inakuwa kazi ya wenzake, na yao inakuwa kazi yake mwenyewe aliyoiandika kwa mkono wake.

Sababu ya kiufundi ipo, na ina mantiki yake ya ndani: zana inasimama kwenye kazi ya wenzake na kuileta kazi ya mtumiaji kana kwamba ni ya mgeni. Tatizo ni kwamba vimilikishi ni vya msemaji, na hapa haieleweki msemaji ni nani. Je, ni mtumiaji? Ni mashine? Ni timu? Mtu aliyechoka saa tano usiku, akitazama alama saba za mabano ya pembe katika faili lake, hana nafasi ya kufanya uchambuzi wa pragmatiki. Huchagua yetu akidhani anailinda kazi yake, na kwa kuchagua hivyo anaifuta.

Sasa na achukuliwe mtafsiri mwaminifu wa Kiswahili. Ataandika "yetu" na "yao", na atakuwa amefanya kazi safi kwa kipimo cha ulinganifu wa maneno. Pia atakuwa amelihamisha tatizo lilivyo, kwa kuwa "-etu" ya Kiswahili haitofautishi sisi inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomwacha nje. Ilhali Kiswahili kina njia nyepesi ya kutoka: virejeshi. "Mabadiliko yaliyopo" na "mabadiliko yanayoingia" ni maelezo yaliyo kweli katika njia zote mbili za kuunganisha, kwa sababu yanataja mwendo wa kazi badala ya mwenye kazi. Hapa lugha inayotafsiri ina uwezo wa kuirekebisha lugha inayotafsiriwa, na itakuwa hasara kama itajizuia kwa heshima isiyo na msingi.

Jozi ya "push" na "pull" ina mtego unaofanana. Kiswahili kinazo tayari "sukuma" na "vuta", zilizobandikwa kwenye milango ya ofisi kila mahali, na hakuna mtafsiri ambaye hatazirukia. Lakini katika Git matendo hayo si kinyume. Ya kwanza hupeleka tu. Ya pili huleta na kisha huunganisha kwa mkupuo mmoja. Kinyume halisi cha kusukuma ni amri nyingine kabisa, inayoleta bila kuunganisha. Kwa kuwa "sukuma" na "vuta" ni kinyume kamili katika akili ya kila msemaji wa Kiswahili, tafsiri hiyo ingeukaza uongo ambao katika Kiingereza umelegea kidogo kwa mazoea ya fani. "Pakia" na "pakua", zilizotoka bandarini na jikoni na kukubalika bila amri ya baraza lolote, zingefaa zaidi kwa kupeleka na kuleta. Kuunganisha kubaki na jina lake.

Kichwa, lawama, yatima

Baadhi ya tamathali za Git haziwezi kuingizwa Kigali bila kuangaliwa mara mbili. Mtumiaji akihamia kwenye hatua ya zamani isiyo na tawi, zana humjulisha kwamba kichwa kimetengana. Amri ya kuonyesha nani aliandika mstari gani huitwa "blame", yaani lawama. Tawi lisilo na historia nyuma yake huitwa yatima.

Mwandishi wa Kimarekani huyaona hayo kama mzaha wa kazini. Katika mji ambao kila mwezi Aprili huingia katika maombolezo ya 1994, na ambako watu wazima wengi walikua wakiwa yatima, tafsiri sisisi ya kichwa kilichotengana ingekuwa ukosefu wa adabu kabla hata ya kuwa kosa la istilahi. Si lazima wala haifai kulikuza jambo hili kupita kiasi. Vijana wa Kigali hutumia maneno hayo kwa Kiingereza bila kuyafikiria, kama Waingereza wasivyofikiria maana ya jina la Git lenyewe, ambalo katika misimu yao ni tusi dogo. Neno la kigeni hupoza tamathali. Kulitafsiri kunaipasha moto upya. Kila tafsiri ya tamathali ni uamuzi wa kimaadili na kijamii, na uamuzi huo hauwezi kuachiwa programu ya kutafsiri wala kikao cha mchana mmoja.

Lawama ina sura nyingine. Subversion iliipa amri hiyo majina mbadala mawili: moja lina maana ya sifa na jingine la kuweka maelezo. Ulikuwa utani, lakini utani wenye hekima, kwa sababu amri yenyewe haina hukumu. Inataja mwandishi wa mwisho wa mstari, awe ameuharibu au ameutengeneza. Katika sehemu za kazi ambako mdogo hamkosoi mkubwa hadharani, jina la lawama humfanya anayeanza kazi asite kuitumia amri inayomfaa kuliko zote: ile ya kujua amuulize nani. "Mwandishi wa mstari" lingetosha. Hapa makala yanapingana na wale wanaoona kwamba uaminifu kwa matini chanzi ni wajibu wa kwanza wa mtafsiri wa programu. Wajibu wa kwanza ni kwa mtu aliye mbele ya skrini.

Komiti: mafunzo kutoka tafsiri za Ulaya

Dhana iliyo kiini cha Git ni "commit", ambayo hapa itaandikwa komiti: hatua moja iliyotunzwa, yenye jina la mwandishi, tarehe, maelezo mafupi, na alama ya utambulisho isiyorudiwa. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana za kujifunga kwa ahadi, kutenda kosa na kukabidhi. Tena, katika Subversion, kukomiti ni kupeleka kazi kwenye seva. Katika Git ni kuitunza kwenye kompyuta ya mtumiaji tu. Mwanafunzi anayedhani amekwisha kuwasilisha kazi kwa sababu amekomiti hajakosa akili. Amesoma maana iliyokuwa sahihi kabla hajazaliwa.

Git imetafsiriwa kwa lugha kadhaa, zikiwamo Kibulgaria, Kikatalunya, Kivietinamu na Kiindonesia. Kiswahili hakimo. Kutazama jinsi wengine walivyolitatua neno hili kuna faida. Kifaransa kimechagua kitenzi cha kutambua uhalali wa kitu. Kihispania kimechagua cha kuthibitisha. Kijerumani kimebaki na neno la Kiingereza, kikaliongezea maelezo kwamba mabadiliko yametengwa kwa ajili ya tendo hilo. Suluhisho mbili za kwanza zinapendeza kwa sauti lakini zinadokeza kwamba mamlaka fulani imekubali kazi, jambo ambalo si kweli. Mtu anaweza kukomiti upuuzi. La Kijerumani halivutii, ila halidanganyi.

Kwa Kiswahili kuna hoja nzito ya kukubali mkopo. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi husema "nimepush" na "umecommit", wakivitia vitenzi vya Kiingereza katika viambishi vya Kiswahili na kuviacha na konsonanti mwishoni. Kukomiti, kwa kuishia na irabu ya -i, kungeingia katika safu ya kusafiri, kufikiri na kubadili, vitenzi vilivyotoka Kiarabu na ambavyo hakuna anayeviona vigeni leo. Kingenyambulika bila taabu: kukomitiwa, kukomitia, kukomitisha. Hatari yake ni ukaribu na "kamati", na wapo watakaocheka. Walicheka pia juu ya kipanya.

Masjala kabla ya kompyuta

Hata hivyo mkopo hautoshi, kwa sababu unatoa jina bila kutoa maelezo. Hapa ndipo penye utajiri ambao mijadala ya istilahi za kompyuta imeupita bila kuutazama. Utumishi wa umma wa Tanzania umekuwa ukifanya udhibiti wa matoleo kwa Kiswahili, kwa karatasi, kwa miongo mingi. Mahali pake ni masjala. Jalada hufunguliwa kwa namba. Kila karatasi inayoingia hupewa namba ya folio na haichomolewi. Ikiwa na kosa, huandikwa nyingine inayoisahihisha, na zote mbili hubaki. Ofisa anayelishughulikia jalada huandika dokezo, akataja alichofanya na sababu yake, akatia saini na tarehe. Jambo lisilo na jalada huandikiwa dokezo sabili, ambalo baadaye hutafutiwa mahali pake. Rasimu husahihishwa mpaka inapokuwa nakala safi.

Mtu aliyewahi kufanya kazi katika masjala anaielewa Git kuliko anavyodhani. Hazina ya msimbo ni masjala. Komiti ni folio lenye dokezo lake. Kanuni ya kutochomoa karatasi ndiyo kanuni ya kutoiandika upya historia ambayo wengine wamekwisha kuipata, kosa ambalo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya ugomvi katika timu za waandishi wa programu. Hata malalamiko ya wakubwa wa timu, kwamba vijana huandika maelezo ya komiti yasiyoeleza kitu, yana jibu katika neno "dokezo". Kwa Kiingereza maelezo hayo huitwa ujumbe, na ujumbe waweza kuwa chochote. Dokezo lina umbo linalojulikana: limetoka kwa nani, linahusu nini, kwa nini, na nini kifuate. Mwanafunzi anayeambiwa aandike dokezo ameambiwa zaidi ya anayeambiwa aandike ujumbe.

Tamathali hii ina mipaka. Masjala haina matawi. Majalada mawili ya jambo moja ni kosa la ukarani, ilhali katika Git kufungua matawi ni sehemu ya kawaida ya kazi. Pia masjala ina harufu ya urasimu, na si kila kijana atafurahi kuambiwa kwamba kazi yake inafanana na ya karani wa wilaya. Kizito kuliko vyote hivyo ni kwamba masjala ni ya Tanzania, na kwa kiasi ya Kenya. Utawala wa Rwanda ulirithi taratibu zake kutoka kwa Wabelgiji. Kwa msomaji wa Kanombe "dokezo sabili" si ufafanuzi. Ni neno jingine la kujifunza.

Kanombe kama kipimo

Kiswahili kilifika Kigali mapema karne ya 20 pamoja na askari, wafanyabiashara na makarani wa utawala wa Kijerumani, na kwa muda mrefu kilihusishwa na kambi za jeshi, masoko na mitaa ya Waislamu kama Biryogo. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka uliofuata iliamua kufundishia kwa Kiingereza. Mwaka 2017 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2022 Jumuiya ikakipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Mwandishi wa programu wa Kanombe huisoma Git kwa Kiingereza na huijadili kwa Kinyarwanda. Kiswahili kinamfaa nini?

Swali hili ni la haki, na washauri wa sera wasilikimbie. Jibu la kizalendo halimridhishi mtu mwenye kazi ya kumaliza. Jibu la kikazi lipo: timu zinazovuka mipaka, zenye mtu Goma, mwingine Mwanza na mwingine Kigali, mara nyingi hazina lugha ya pamoja iliyo rahisi kuliko Kiswahili, na maelezo ya komiti ndiyo maandishi yao ya pamoja ya kila siku. Lakini Kiswahili kitachukua nafasi hiyo kikieleweka kwa mtu ambaye kwake ni lugha ya tatu au ya nne. Mnyarwanda ana msaada kutoka lugha yake. Kutoka kitenzi "kubika", yaani kutunza, Kinyarwanda kimepata "ububiko", mahali pa kutunzia, na uhusiano wa maneno hayo mawili uko wazi masikioni. Kiswahili cha kompyuta kinatumia "hifadhi" kwa tendo na kwa mahali, na sasa kinataka kuitumia pia kwa hazina ya msimbo na, kwa baadhi ya watu, kwa komiti. Hilo lingekuwa kosa la "checkout" kwa sare mpya. Ni heri masjala, au ghala, au hazina. Lolote kati ya hayo ambalo halijabebeshwa kitu.

Kuna kikwazo ambacho hakitajwi sana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, ulionyesha kwamba programu kubwa inaweza kuzungumza Kiswahili. Ila tafsiri ya programu si kitabu kinachokwisha. Kila toleo huja na sentensi mpya, na anayezisahihisha lazima apitie mlango wa programu hiyo. Kwa programu huria nyingi mlango huo ni Git. Mhadhiri wa Kiswahili aliyeona neno baya katika tafsiri hutakiwa afungue tawi, akomiti, asukume na kuomba kazi yake ipokewe. Wanaojua Kiswahili wamefungiwa nje na zana, na wanaoijua zana hawana muda wa kufungua kamusi. Majukwaa ya wavuti kama Weblate na Pontoon huuficha mlango huo na kumwonyesha mtafsiri sentensi tu, na inafaa vyuo vianzie hapo. Wanyarwanda wamekwisha kuonyesha kinachowezekana mlango ukiwa mpana: katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti kupitia ukurasa wa wavuti, Kinyarwanda kimekusanya zaidi ya saa 2,000, na kuzipita lugha nyingi zenye wasemaji wengi zaidi.

Kwa hiyo pendekezo kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya nchi wanachama ni dogo kuliko linavyozoeleka katika makongamano. Amri za Git zisitafsiriwe. Ni majina maalumu, na mtu atazikuta zilivyo popote aendapo. Fedha na muda viende kwenye jumbe. Kati ya maelfu ya jumbe za Git, anayeanza hukutana mara kwa mara na nne: ule wa hali ya faili, wa mgongano, wa kichwa kilichotengana, na wa kukataliwa kwa kazi aliyojaribu kuipeleka, ambao bado unatumia tamathali ya kupeleka mbele mkanda wa kaseti kwa vijana ambao hawajawahi kuishika kaseti. Kikundi cha wanaisimu wawili na waandishi wa programu watatu kinaweza kuziandika upya kwa Kiswahili katika muhula mmoja, kwa kuanza na kinachompata mtumiaji badala ya kilichoandikwa kwa Kiingereza. Zijaribiwe Kanombe kabla ya Dar es Salaam. Msemaji wa Dar es Salaam ataisoma sentensi yenye giza na kuijaza mwenyewe kwa mazoea ya lugha yake. Wa Kanombe atauliza ina maana gani.